Muulize Fundi wa Sauti: Spika Ndogo Zisikilizwe Vipi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu spika ndogo za nyumbani, zile za kuweka juu ya rafu au stendi, zenye wufa moja (ya sauti nzito) ya ukubwa wa kiganja na twita moja (ya sauti nyembamba) juu yake. Nimefanya kazi ya mitambo ya studio ya redio kwa miaka mingi, na nyumbani ndizo ninazosikiliza. Nazipenda, sifichi. Barua ndefu nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikuwa na maboksi marefu ya zamani yanayofika kiunoni. Nimeyatoa, nikaweka spika mbili ndogo, urefu wake sentimita 30 hivi kila moja. Sauti ya mwimbaji sasa nzuri mno, ila besi imepotea. Kaka yangu anasema nimeuziwa midoli. Je, nimepata hasara? – Mpenda Besi

JIBU: Marahaba. Hasara hukupata, ila kaka yako amesikia jambo la kweli, usimbishie. Besi ya chini kabisa haimo tena humo ndani, na hakuna kitufe kitakachoirudisha.

Sababu ni ya kimaumbile. Ili sauti ya hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, itoke kwa nguvu ileile ya hezi 80, wufa lazima isukume hewa mara nne zaidi. Na koni, ule uso wa wufa unaotikisika, ikiwa na upana wa sentimita 13 ina robo tu ya eneo la koni ya sentimita 26. Kwa hiyo koni ndogo ingelazimika kwenda mbele na nyuma kwa urefu ambao kingo zake za mpira haziuwezi. Mafundi huitaja kanuni hii kwa jina la Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani, na mtoto wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann: boksi dogo, besi inayoshuka chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chukua viwili, cha tatu usahau. Waliotengeneza spika zako walianza na boksi dogo, wakaridhika na sehemu tu ya hivyo viwili vilivyobaki.

Sasa sikiliza ulichopewa. Chagua wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, ulifuate gitaa hilo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, mwimbaji na wengine wote wapite. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41. Spika ya ukubwa wa yako kwa kawaida huanza kulegea kwenye hezi 60 au 70, kwa hiyo msingi wa noti ile huupati. Lakini noti haiji na msingi peke yake. Inakuja na hezi 82, 123, 164 na nyingine juu yake, na hizo spika yako inazitoa bila taabu. Ubongo ukizipata kwa mpangilio wake hutambua noti ni ipi, na msingi usiokuwepo unausikia kana kwamba upo. Ndiyo maana hata redio ya mkononi haikupotezei wimbo wa besi. Unachokikosa ni ule mtikisiko wa kifuani, na huo ndio kaka yako anaoutafuta.

Kilichonishika mimi katika spika za aina hii ni mwanzo na mwisho wa noti. Kidole kinapoachia uzi kuna mguso mdogo, mkavu, kabla sauti haijajaa. Mpigaji anapouzima uzi kwa kiganja, sauti inakatika palepale, na ule ukimya mfupi kabla ya noti inayofuata nao unausikia. Katika maboksi mengi makubwa ya kawaida niliyowahi kuyasikiliza, noti tatu zinazofuatana zinaungana kuwa mvumo mmoja. Unajua besi ipo, hujui inasema nini. Ukinipa nichague kati ya besi nyingi isiyosema na besi chache inayosema, sina haja ya kufikiri.

Lakini kabla hujaridhika, ziangalie mahali zilipo. Sauti nzito haielekei mbele peke yake, inazunguka boksi, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi imechelewa. Koni ikiwa mita moja kutoka ukutani, kinachorudi kinapingana na kinachotoka kwenye hezi 86 hivi, hapohapo palipo na uhai wa besi ya spika ndogo. Ikiwa nusu mita, shimo hilo katika sauti linapanda hadi hezi 170 hivi, na chini yake ukuta unaanza kukusaidia badala ya kukupinga. Watu wengi wanaonilalamikia besi nimekuta spika zao zimesimama katikati ya sakafu kama walivyoona kwenye picha. Mwombe huyo kaka yako akae kwenye kiti chako, weka wimbo mmoja unaoujua, uzisogeze nyuma kidogo kidogo, upana wa kiganja kila mara. Akisema sauti ya mwimbaji wa kiume imeanza kuvimba, umepita. Rudisha kiganja kimoja mbele. Kona ziepuke, huko kuta mbili na sakafu zinasaidiana na besi inakuwa ya kelele.

Angalia pia unapokaa. Ukiona besi ya mpigaji inashuka ngazi, noti moja inanguruma na ya pili yake haipo, chumba ndicho kinachofanya hivyo, spika haina kosa. Sogeza kiti nusu mita, sikiliza tena. Kiti kilichobanwa na ukuta wa nyuma hukupa besi kupita kiasi, na cha katikati kabisa ya chumba mara nyingi hukunyima.

Ukishafanya hayo yote na bado kifua kinadai, ongeza sabwufa moja, spika ya besi nzito peke yake. Iache ichukue kuanzia hezi 80 kwenda chini, na uishushe mpaka usijue imewashwa. Utaitambua tu ukiizima. Anayeipandisha hadi ionekane inafanya kazi anayaharibu yaleyale mazuri aliyoyasifia kwenye barua.

SWALI: Nimeazimwa jozi mbili nizijaribu kabla ya kuamua. Moja ina tundu nyuma, nyingine boksi lake limezibwa kote. Nikizibadilisha nasikia tofauti lakini siwezi kusema ni tofauti gani. Nisikilize nini? – Mwalimu wa Kwaya

JIBU: Mwalimu, wewe una masikio yaliyozoea kutenganisha sauti ya tatu na ya nne, utaweza kabisa. Kinachokukwamisha huenda ni kitu kimoja: ukubwa wa sauti. Jozi inayotoa sauti kubwa kuliko nyingine hata kwa kiasi kidogo, desibeli moja tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio huiita nzuri, wala haliiti kubwa. Fungua redio ya FM mahali pasipo na stesheni, ule mchachato uupime kwa programu ya simu ukiwa umekaa kitini, jozi ya kwanza kisha ya pili, na uweke alama ya kitufe kwa kila jozi mpaka zilingane. Bila hatua hii usiandike chochote.

Kisha anza na mtu anayezungumza. Si muziki, msomaji wa habari wa kiume. Hakuna sauti ambayo sikio la binadamu linaijua zaidi ya hiyo. Kwenye jozi zangu mbili za nyumbani, yenye tundu ikiwa karibu na ukuta inampa msomaji kifua kikubwa kuliko alichonacho, na maneno yanayoanza kwa b na m yanatoka na uzito usiokuwa wake. Iliyozibwa inampunguza kidogo, anakuwa mwembamba kuliko alivyo, lakini yuko huru, hajafungiwa kitu. Nikiivuta ile yenye tundu mpaka karibu nusu mita kutoka ukutani, uzito ule unaondoka, na hapo inanipa mtu kamili zaidi ya mwenzake. Kwa hiyo kabla hujaihukumu jozi, ipe mahali pake. Kuziweka zote mbili sehemu moja ukidhani ndiyo haki ni kuinyima mojawapo.

Baada ya hapo ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa pedali. Sikiliza inavyokwisha, mwanzo wake usikushughulishe. Hewa iliyo ndani ya boksi lililozibwa inafanya kazi ya springi inayoirudisha koni. Hiyo ndiyo njia ambayo Edgar Villchur aliitumia Marekani kwenye spika yake ya AR-1 mwaka 1954, na tangu hapo ikawezekana besi ya kweli kutoka kwenye boksi ambalo mtu mmoja analibeba. Spika iliyozibwa hupungua polepole kwenda chini, desibeli 12 kwa kila oktava (hezi zikipungua nusu), nawe kama mwalimu wa muziki oktava huhitaji kufundishwa. Yenye tundu hujikaza, inashikilia nguvu mpaka chini zaidi, halafu inaporomoka desibeli 24 kwa oktava. Masikioni ndivyo inavyokuja: iliyozibwa ngoma inagonga na kunyamaza, yenye tundu inagonga, inajaa, na nyuma ya pigo kuna mkia mfupi. Katika wimbo wa polepole mkia huo unapendeza. Ngoma zikikimbia, mkia wa pigo moja unakanyaga mwanzo wa linalofuata.

Weka kiganja nyuma kwenye tundu wakati wa sehemu yenye besi nzito. Utahisi upepo. Ukiongeza sauti, ipo hatua ambapo upepo huo unaanza kusikika kwa sikio, mfukuto mfupi kila pigo. Spika ndogo zenye tundu jembamba hufika hapo mapema. Kipande cha sponji kikisokomezwa kwenye tundu kinaipunguza besi na mfukuto pamoja, na kinaigeuza spika ielekee tabia ya iliyozibwa. Watengenezaji wengi huweka sponji hiyo ndani ya katoni, itafute kabla ya kukata godoro.

Sasa kwaya. Hapa utafika nyumbani kwako. Usisikilize wimbo, hesabu watu. Spika ndogo nzuri, kwa kuwa uso wa boksi lake ni mwembamba na wufa na twita zimekaribiana, hupanga waimbaji kwa upana na kwa kina vizuri ajabu. Soprano ya kushoto isogee kushoto kweli, na wa safu ya nyuma wawe nyuma. Sikiliza wanapovuta pumzi pamoja kabla ya beti. Kwenye jozi moja pumzi hiyo ilinijia kama mkwaruzo mmoja tu. Kwenye nyingine nilisikia mmoja wao amewahi wenzake. Sauti za s na sh zitazamwe pia: zikiruka mbele ya midomo, twita ina ukali utakaokuchosha baada ya saa moja, ingawa dakika za kwanza utauita uwazi. Mwisho weka rekodi yenye makofi ya watazamaji. Spika nzuri hukupa viganja, kimoja hapa kimoja pale. Ile ambayo haijakaa sawa hukupa mvua kwenye bati.

Chaguo langu, kwa kuwa umeuliza kuamua: kama zitakaa kwenye rafu au karibu na ukuta, chukua iliyozibwa. Kama una stendi na nafasi nyuma, yenye tundu itakupa sauti za besi za kwaya yako kwa ukamilifu zaidi.

SWALI: Spika zangu mpya, kila moja peke yake ni nzuri. Zikiimba pamoja mwimbaji hana mahali, yuko kila upande, na besi inapungua badala ya kuongezeka. Nirudishe? – Nimechanganyikiwa

JIBU: Usirudishe. Umegeuza waya za spika moja. Nyekundu iende nyekundu na nyeusi iende nyeusi kwa amplifaya na kwa spika, pande zote mbili. Ikiwa koni moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi zinauana na mwimbaji anasambaa. Waya ukiwa sahihi bado hali ni hiyohiyo, gusa betri ya volti 1.5 kwenye vituo vya spika kwa sekunde moja, chanya kwenye nyekundu: wufa zote mbili ziruke kuelekea upande mmoja. Isiyokubaliana na mwenzake imeungwa kinyume ndani, na hapo ndipo uirudishe.

SWALI: Fundi, baba yangu mdogo ana spika mbili ndogo za mbao, nyuma zimeandikwa LS3/5A. Hataki mtu aziguse. Anasema zilibuniwa na BBC kwa ajili ya gari. Gari gani lenye spika za mbao? – Mpwa Mdadisi

JIBU: Mheshimu sana baba yako mdogo, amekwambia kweli. Gari lenyewe ni la matangazo ya nje, lile linaloegeshwa uwanjani au nje ya ukumbi, mafundi wakiwa ndani wanachanganya sauti. Humo hakuna nafasi ya maboksi makubwa, na kazi ya siku nzima kwa hedifoni inachosha na kupotosha. BBC ilihitaji spika ambayo fundi ataiweka umbali wa mkono na bado aamini kwamba msomaji anayemsikia ndivyo alivyo kweli.

Idara yake ya utafiti ilikuwa tayari na kiboksi kilichobuniwa kwa shughuli nyingine, majaribio ya sauti kwenye mifano midogo ya kumbi, na humo ndimo wazo lilipoanzia. Ripoti ya usanifu wa LS3/5A ilitolewa mwaka 1976 na wahandisi wake Harwood, Whatton na Mills. Boksi lina urefu wa sentimita 30 na upana wa 19 hivi. Wufa ni B110 na twita ni T27, zote za kampuni ya KEF. Ukitoa kitambaa cha mbele, kwa ruhusa ya mwenyewe, utaona vipande vya manyoya mazito vimeizunguka twita. Hivyo vinazuia sauti isigonge kingo za boksi na kurudi kuchafua ile iliyotoka moja kwa moja. Kuta zake ni mbao nyembamba, na kwa ndani zimebandikwa vipande vya lami. Wengi hudhani ukuta mnene ndio bora. Mafundi wa BBC walikwenda njia nyingine: ukuta mwembamba uliozimwa kwa lami, hata ukitikisika, utikisike chini, mbali na masafa ya sauti ya mtu, na uache mara moja.

BBC haikuziuza yenyewe. Ilitoa leseni kwa kampuni mbalimbali, Rogers, Chartwell, Spendor, Harbeth na nyingine, na zikatoka kwenye magari zikaingia sebuleni ambako hazikukusudiwa.

Nimezisikiliza kwa karibu na nitakueleza nilichosikia. Sauti ya mtu anayezungumza ndani yake ni kitu ambacho spika nyingi kubwa kuliko hizo hazijanipa: unasikia ulimi ukiachana na meno, unasikia kama ukavu wa koo ni wa kiu au wa uzee. Fidla na udi zina mbao ndani yake, si nyuzi tu. Besi imeinuliwa kidogo juu ya hezi 100 kwa makusudi, na uinuko huo unampa mwanamume kifua na kukufanya uhisi kuna besi zaidi ya iliyopo. Chini ya hapo inapungua haraka. Na hazipendi kelele. Kwa wati moja zinatoa desibeli 82 au 83 tu ukizipima mita moja, kidogo kwa spika yoyote, na ukizilazimisha kuendesha sherehe wufa itagonga mwisho wake. Ukiisikia inagonga, tak, punguza kabla baba yako mdogo hajafika.

Muulize kama ni za omu 15 au 11, yaani ukinzani wake kwa umeme. Za mwanzo ni 15, za miaka ya mwisho ya 1980 na za miaka ya 1990 ni 11. Wenye nazo hubishana zipi bora. Mimi za 15 zimenigusa zaidi kwenye sauti za wanawake, lakini za 11 ni rahisi zaidi kwa amplifaya za sasa.

Kwa kuwa umeuliza habari za spika kuhama makazi, ipo nyingine iliyosafiri kinyume. Yamaha NS-10, yenye wufa nyeupe, ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, na nyumbani haikupata sifa. Waliokuja kuipenda ni mafundi wa studio, wakaiweka juu ya meza za kuchanganyia sauti dunia nzima mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Wengi wao waliifunika twita yake kwa karatasi laini ya chooni kupunguza ukali. Ni ya boksi lililozibwa, haina mkia kwenye besi, na inakuonyesha kosa la mchanganyo bila kulipamba. Nimefanya kazi nayo sana. Nyumbani kwangu haiingii, kwa sababu kinachokufaa kwa kugundua kasoro kinakusumbua unapotaka kusikiliza tu.

SWALI: Amplifaya yangu imeandikwa wati 100, spika wati 50. Rafiki yangu anasema nitaziunguza. – Mwenye Hofu

JIBU: Utaziunguza kwa mkono wako, namba hazina kosa. Kwa usikilizaji wa kawaida sebuleni spika zako mara nyingi zinakula chini ya wati moja. Nyingi za ukubwa huo hutoa desibeli 85 hivi kwa wati moja ukizipima mita moja, na hiyo tayari ni sauti ya kukufanya uinue sauti yako unapoongea. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli 10 zaidi, maana yake wati mara kumi. Kwa hiyo zile wati za juu zinaisha haraka kuliko unavyodhani.

Ninaowapokea na twita zilizoungua mara nyingi walikuwa na amplifaya dogo walilolikamua mpaka mwisho. Likizidiwa linaikata mizunguko ya sauti juu na chini, umeme unaofika spika unaongezeka hasa upande wa juu, na twita, yenye waya mwembamba kama unywele, ndiyo inayolipa. Kubwa lisilokamuliwa ni salama zaidi. Sauti ikianza kuwa ngumu na kubana, shusha. Na ukiwa bado hujanunua, tazama hizo desibeli kabla ya wati: spika ya desibeli 88 inahitaji robo ya umeme wa ile ya desibeli 82 kwa sauti ileile.

SWALI: Nina mtoto mchanga. Nasikiliza muziki usiku baada ya kumlaza, kwa sauti ya chini sana, na muziki unakuwa kama umekaushwa. Mchana spika hizohizo ni tamu. Nibadilishe amplifaya? – Mama Kichanga

JIBU: Hongera kwa mtoto, mama. Usibadilishe kitu. Sikio lenyewe ndilo linaloipoteza besi sauti inaposhuka, na kidogo upande wa juu kabisa. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933. Amplifaya za zamani ziliwekwa kitufe cha kuirudisha besi hiyo kwa sauti ya chini. Kama lako linacho, usiku ndio wakati wake. Kama halina, ongeza besi kidogo kwenye ikwalaiza, na asubuhi uirudishe.

Lililo bora zaidi, zifuate spika. Ukitoka mita tatu ukaja mita moja, sauti inayokujia moja kwa moja inapanda karibu desibeli 10 na hujagusa kitufe, na aliyelala chumba cha pili haongezewi chochote. Spika ndogo zinaruhusu hili, kubwa haziruhusu: wufa na twita zimekaribiana kiasi kwamba hata kwa mita moja sikio linazipokea kama kitu kimoja. Ziweke meta moja kati yao, zikutazame, twita zikiwa usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Mhandisi Alan Blumlein alipoombea hataza ya stereo Uingereza mwaka 1931 alikuwa akitafuta namna ya sauti kumfuata mwigizaji kwenye skrini, na kwa karibu hivi, usiku, kuta zikiwa haziingilii sana, utaona jinsi mwimbaji anavyosimama katikati ya spika mbili pasipo na kitu.

SWALI: Je, ni kweli spika mpya lazima ipigwe mamia ya saa kabla haijakaa sawa? Na waya maalumu? – Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Kingo za wufa hulegea kidogo mwanzoni, na sehemu kubwa ya kulegea huko huisha mapema sana. Baada ya hapo kinachoendelea kubadilika ni wewe, unaizoea. Spika iliyokuudhi siku ya kwanza ikikuudhi na wiki ya pili, irudishe muda ungalipo.

Waya, chukua shaba ya kawaida ya milimita za mraba 2.5. Kwa mita tatu, ukihesabu kwenda na kurudi, ukinzani wake haufiki hata omu 0.05, na spika yako ni omu 8 au karibu. Ubane vizuri vituoni, nyuzi zisigusane. Nguvu zako zilizobaki zitumie kusogeza spika.

SWALI: Nimeachiwa na marehemu mjomba spika ndogo za zamani. Kingo za wufa, zile za sponji, zimekuwa unga ukizigusa. Koni ni nzima. Zinafaa kuokolewa? – Mrithi

JIBU: Pole kwa msiba. Zinafaa, na ni kazi ya mikono tulivu tu. Sponji huoza kwa umri na unyevu hata spika isipopigwa. Za mpira hudumu zaidi. Usizipige zilivyo, maana koni isiyoshikwa pembeni inayumba na koili yake, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inajikwaruza kwenye sumaku.

Pima kipenyo cha fremu kwa nje na cha koni pale sponji ilipogandia, upate pete mpya ya vipimo hivyo hivyo, na laini kama ya zamani ilivyokuwa. Pete ngumu inapandisha mwanzo wa besi na spika inapoteza tabia yake. Kwangua gundi ya zamani yote, polepole, kwa kisu butu. Bandika kwanza kwenye koni, ikauke. Kisha kwenye fremu, na hapa ndipo pa kuwa makini: kabla gundi haijashika, sukuma koni ndani kwa vidole viwili vilivyokaa pande mbili sawasawa, uweke sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo, sogeza pete upande mmoja kidogo, jaribu tena, mpaka koni iende na kurudi bila sauti yoyote. Fanya zote mbili hata kama moja inaonekana ina nafuu, ili zifanane. Ziache usiku kucha kabla ya kuunganisha waya, na uanze na mtu anayezungumza, sauti ikiwa chini.